Gauni la Jumanne

Pasi ilikuwa baridi. Mkasi aliigusa kwa kiganja, akaigusa tena, maana chumba kizima cha ushonaji kilinuka kitambaa kinachoungua, na hakuna kilichokuwa kikiungua. Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, watu wanapita nje wakitaniana. Alifungua dirisha. Harufu ile aliijua vizuri mno, kwa sababu aliitunga mwenyewe.

Mkasi lilikuwa jina la utani, kwa kuwa yeye ndiye aliyepima na kukata. Mdogo wake, aliyeshona, aliitwa Sindano. Mama yao aliwaachia chumba hicho na cherehani moja ya kukanyaga. Sindano akikupenda atakuvulia nguo ya mwilini mwake akupe, lakini ukichelewa dakika kumi tu anaona umemtupa: atalia, atafoka, atajifungia, kisha atakuja kukuangukia miguuni. Daktari alisema si wazimu, wala hakuna kitu kilichompanda kichwani.

"Ni tatizo la haiba," alisema. "Hisia zake zinakuja kama mafuriko. Aje kila Jumanne tuzungumze, atajifunza kuogelea."

Na kweli alianza kujifunza. Hapo ndipo Mkasi alipokosa raha. Wivu bwana, haumtazami ndugu. Gauni likipendeza, sifa zote kwa aliyeshona. Nani amewahi kumuuliza aliyekata?

Jumanne moja akaja mwalimu mkuu, mteja wao wa miaka mingi, hata salamu hajamaliza.

"Mdogo wako yuko wapi? Mimi namtaka yeye."

Yeye! Neno hilo lilimchoma Mkasi hadi kwenye ini. Kusema yuko kliniki aliona aibu, na kunyamaza hakuweza. Akasogea, akashusha sauti.

"Iwe siri yetu, mwalimu. Mdogo wangu ana jini. Kila Jumanne anakwenda kupungwa."

"We! Usiniambie!"

"Likija, chumba kinanuka nguo iliyoungua. Na cherehani yake inashona yenyewe, imefunikwa shuka."

Chumvi hiyo aliitia papo hapo, ikamkolea mwenyewe. Siri ya watu wawili ilifika sokoni kabla ya jioni. Mabibi harusi wakarudisha vitambaa. Waliobaki walisema, "Mkasi, ushone wewe, yule asiniguse." Sindano akawa anakaa kwenye kiti chake mikono mapajani, hajui kosa lake, na kila akiuliza dada yake anamwambia biashara imelala tu.

Sasa harufu ilikuwa imekuja kweli. Mkasi alikuwa bado ameshika dirisha aliposikia nyuma yake cherehani, ta-ta-ta-ta, polepole, kama mtu asiye na haraka, na alipogeuka aliona shuka limetulia juu yake na kanyagio linapanda na kushuka, hakuna mguu, na akataka kupiga kelele lakini akafikiria watu wa nje watasema nini, basi akasogea hatua moja, hatua ya pili, akalinyanyua shuka kwa ncha ya vidole, kukawa kimya. Chini ya sindano kulikuwa na mkono wa gauni jeupe. Jicho la mkataji halihitaji futi ya kupimia: ulikuwa urefu wa mkono wake yeye.

Jumanne iliyofuata ulikuwepo mkono wa pili. Nyingine, kifua. Ndipo akamwita mganga, akamzuia Sindano kwenda kliniki siku hiyo.

Mganga, mzee mwenye kikohozi, alikaa mbele ya Sindano muda mrefu, akimsikiliza tu.

"Huyu hana kitu," akasema mwishowe. "Ana maumivu, na ana daktari. Mwacheni aende kwa daktari wake."

Sindano alipotoka, mzee akamgeukia Mkasi. "Nani alianza kulisimulia hilo jini?"

Mkasi akainama kuokota vipande vya kitambaa sakafuni.

"Umelipatia harufu, umelipatia kazi, umelipatia na siku ya kuja. Lilikosa mtu tu. Nenda kwa kila aliyesikia, useme ulimsingizia mdogo wako. Kabla gauni halijaisha."

"Wote, babu?"

"Wote. Mimi sina dawa nyingine."

Alianza na mwalimu mkuu. Alifika mlangoni kwake ameshapanga maneno, lakini mwalimu akamtangulia: "Masikini Sindano! Mikono ya dhahabu ile! Wewe unajitahidi, lakini yule hana mfano." Maneno aliyoyapanga Mkasi akayameza.

"Ndiyo, mwalimu," akasema. "Jini halijamwacha."

Kwa wengine hakwenda.

Jumanne iliyofuata, Sindano aliporudi kutoka kliniki, alimkuta dada yake amesimama mbele ya gauni jeupe lililokwisha kushonwa, limening'inia ukutani. Akaligeuza pindo, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mungu wangu! Dada, nani kashona hili? Huyu ananishinda hata mimi."

Mkasi aliona macho ya mdogo wake yamejaa mshangao. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtazama hivyo.

"Mimi," akasema. "Nimeshona mimi."

"Livae basi, nikuone!"

Akalivaa. Likamkaa sawasawa, begani, kiunoni, kila mahali, na Sindano akapiga makofi, akamzunguka, kisha makofi yakakoma. Alikuwa akitafuta zipu mgongoni. Hapakuwa na zipu wala kifungo, palikuwa na mshono mmoja mwembamba kutoka shingoni hadi chini, na uzi wake ulipita kwenye kitambaa na kwenye ngozi. Harufu ya kuungua ikatanda.

"Dada," alinong'ona, ameshika mkono wake kwa nguvu, "usiogope. Nipo. Ngoja niite watu."

"Usiite mtu!" Mkasi akamziba mdomo. "Nakuomba, mdogo wangu. Watasema nina jini."