Mafuta ya Kondoo Kwenye Joho la Hariri

Kila asubuhi Khulan alipovua kofia yake mlangoni mwa darasa, nywele zake zilisimama zote kwa mpigo na kutoa mlio kama chumvi iliyotupwa motoni. Januari jijini Ulaanbaatar, Mongolia, haina huruma. Nje baridi inauma masikio, ndani mabomba ya joto yanakausha kila kitu, hata koo.

"Njooni muone!" mwanafunzi mwenzake, Undraa, alipiga kelele, akimfananisha na ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani. "Yaki kapigwa na radi!"

Darasa zima lilicheka. Khulan alizibana nywele kwa viganja, lakini alipoachia tu zikaruka tena na kumnasa usoni. Alimchukia Undraa, tena alimchukia kwa moyo wote.

Mwalimu Oyuun, aliyewafundisha ngoma ya Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya, hakucheka, ila naye hakumhurumia. "Khulan, unacheza mstari wa mbele. Kesho mwalimu mkuu anakuja kutazama mazoezi. Nywele zisipotulia, nafasi yako anachukua Undraa."

"Mimi niko tayari hata leo, mwalimu," Undraa alidakia.

Jioni, Khulan alitoka nje, akaenda kwenye roshani ambako bibi yake alihifadhi nyama ya sikukuu igande. Akakata kipande cha mkia wa kondoo, akakiyeyusha jikoni na kujipaka mafuta yake kichwani, tena na tena, mpaka nywele zikalala. Bibi alipouliza harufu ile inatoka wapi, Khulan alijibu, "Kwa jirani."

Kesho yake nywele zilitulia kweli. Kabla mwalimu mkuu hajafika, wachezaji walivaa majoho ya hariri ya buluu ya shule, wakajaribu hili na lile, wakabadilishana. Mwalimu alipoyakusanya ili ayapige pasi, alikuta kola ya joho moja imelowa mafuta.

"Nani kachafua hariri hii?"

Mtu mmoja akasema, "Undraa alikuwa anakula maandazi ya nyama hapo hapo kwenye benchi."

"Sijaligusa!" Undraa aliruka. "Nilikula, lakini nilinawa! Waulize wenzangu!"

Wenzake, waliozoea kucheka naye, walitazama sakafu.

"Vua viatu vya ngoma, nenda nyumbani," Mwalimu Oyuun alisema. "Huchezi tena."

Khulan alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu. Alimwona Undraa mlangoni akihangaika na kamba za viatu, machozi yakimdondoka, na raha aliyoitarajia haikuja. Kilichokuja ni aibu nzito. Angenyamaza, angebaki mbele, na hakuna ambaye angejua.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Nimejipaka mafuta ya kondoo. Nililijaribu joho hilo."

Mwalimu akasogea, akamnusa kichwa, akakunja uso. "Mtoto wewe! Unanuka kama zizi. Kwa nini hukuuliza?"

"Nilidhani utanitoa mbele."

"Nakutoa sasa hivi. Utacheza nyuma, na Undraa atakuwa mbele. Undraa, nimekosea kukuhukumu haraka. Nisamehe."

Undraa alijifuta machozi. "Na wewe Khulan usidhani tumekuwa marafiki. Bado unanuka."

Mwalimu alisaga chaki, akainyunyizia kwenye kola ili inyonye mafuta. Kisha akampeleka Khulan kwenye bomba la maji, akamwosha kichwa kwa sabuni mara mbili bila upole wowote. Nywele zilipokauka na kuanza kuruka, alilowesha viganja vyake kwa maji kidogo, akavipitisha juu ya nywele, akazichana kwa kitana cha mbao na kuzisuka. Zikatulia.

"Basi?" Khulan aliuliza. "Maji tu?"

"Maji kidogo. Kofia yako ya nailoni inasugua nywele kavu, ndiyo inaleta umeme tuli. Ndani yake funga kitambaa cha pamba. Usiku weka taulo bichi juu ya bomba la joto, hewa isikauke." Alifunga ncha ya msuko, akamgeuza wamtazamane. "Lakini sikia. Hata ungecheza na nywele zimesimama wima, sikukuu ingepita watu wakasahau. Mwenzako angefukuzwa kwa kosa lako, wewe usingesahau. Umechelewa kusema, ila umesema akiwa bado mlangoni. Siku nyingine usingoje mtu afike mlangoni."

Khulan aliitikia kwa kichwa, akaenda kusimama mstari wa nyuma.