Rekodi ya Majaribio

Mambo haya yalimkuta jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yangemkuta mtu wa mbali nisingeyasadiki, maana mimi si mtu wa kusadiki ovyo. Mtaani tulimwita Fundi kwa sababu kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta, na simu ya mtu yeyote ikigoma ilipelekwa kwake kwanza. Alikuwa mwanamke mpole kwa kila mtu, isipokuwa kwa wifi yake.

Wifi mwenyewe, dada wa mumewe, alikuja kukaa wiki mbili baada ya kuachika. Akakaa miaka mitatu. Alikuja na binti yake mchanga, ambaye sasa alikuwa ametimiza miaka minne na anaongea kuliko kasuku. Wanawake hawa wawili hawakuiva chungu kimoja tangu siku ya kwanza. Mvua ikianza, wifi alianua nguo zake na za mtoto, akaziacha za mwenziwe zinyeshewe. Fundi naye akipika alipima chakula cha watu watatu, na nyumba ina wanne. Mume, mwalimu wa shule ya msingi, alijifanya kiziwi.

Asubuhi ya siku hiyo waligombana kwa sababu ya birika. Ukuta wetu ni mwembamba, nilisikia kila neno.

"Maji nimechemsha mimi," wifi alisema. "Ukitaka chai, chemsha yako."

"Jikoni kwangu nakuomba ruhusa?"

"Maskini kaka yangu! Alitafuta mke, akaoa mashine."

Fundi akaondoka bila chai.

Yaliyofuata kazini alinisimulia mwenyewe. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na ilinuka rangi mwaka mzima. Walishughulika na watu waliopotea. Taarifa za waliopotea huwekwa katika hifadhi moja ya mtandaoni, kila mtu na namba yake. Programu ya Fundi hutuma namba, na hifadhi hujibu kwa kurudisha picha na maelezo: umri, nguo, mara ya mwisho ameonekana wapi na saa ngapi, na nani ametoa taarifa. Kisha picha huonyeshwa kwenye skrini za stendi na hospitali.

Siku hiyo alikuwa ameiandika programu upya. Mafundi wana desturi yao: kabla ya kuiamini programu, unaweka rekodi moja ya uongo ambayo unajua kila kilichomo, halafu unaiita irudi, unalinganisha. Wengine huweka picha ya mbuzi. Mwenzake wa meza ya pili, waliyemwita Miwani, huweka picha ya kikombe chake. Fundi akafungua simu, akachagua picha ya wifi yake. Roho ilikuwa bado inamchemka.

Akajaza. Nguo: gauni la njano. Mahali: sebuleni. Saa: moja na nusu asubuhi. Aliyetoa taarifa: mke wa kaka yake. Akatuma.

"Umemweka nani huyo?" Miwani akauliza.

"Mtu ninayeomba apotee."

Wakacheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani hukumbuka methali kazini?

Saa tatu kamili akaiita ile rekodi. Ikarudi kama alivyoiandika. Saa tatu na nusu akaiita tena, kuhakikisha. Picha ikaja. Gauni ni lile lile la njano, ila safari hii wifi alikuwa amegeuza mgongo. Mahali: nje ya geti. Saa: tatu na nusu.

"Umeichezea rekodi yangu?" akamuuliza Miwani.

"Mimi? Nina kazi zangu."

Akaiita mara ya tatu, saa nne kasoro dakika kumi. Mgongo ule ule, lakini mbali zaidi, barabarani, miguu mitupu. Saa iliyoandikwa ni nne kasoro kumi. Akampigia mumewe. Shule zilikuwa zimefungwa, mwalimu alikuwa nyumbani.

"Dada yako yuko wapi?"

"Alikuwa hapa anamsuka mtoto. Kainuka tu, katoka. Kaacha kitana kimechomekwa kwenye nywele za mtoto. Mmegombana tena?"

Fundi alikuwa akitazama orodha ya maombi ambayo programu yake imetuma. Saa tatu na nusu. Nne kasoro kumi. Zilikuwa saa zile zile zilizo kwenye picha. Hakuna aliyekuwa akimfuata wifi na kamera. Kila mara rekodi ilipoitwa, wifi alisogea mbali zaidi.

Akazima programu mbio mbio. Akashusha pumzi. Ndipo akakumbuka skrini. Stendi zote, hospitali zote, kila skrini huuliza yenyewe kila baada ya dakika chache, wala haiongozwi na ofisi yake. Akajaribu kuifuta rekodi, kama zinavyofutwa za majaribio siku zote. Jibu likaja la mstari mmoja: rekodi haifutwi mpaka aliyepotea apatikane.

Miwani alikuwa amesimama nyuma yake. Hakucheka tena.

"Basi mpate," akanong'ona.

Jibu lile lilikuja na picha mpya: barabara tupu na doa la njano, dogo kama punje ya mahindi. Hakuthubutu kuuliza tena. Akafungua fomu ya waliopatikana. Ilikuwa ndefu. Alama mwilini? Hajui. Ugonjwa wowote? Hajui. Anapenda nini, anaogopa nini, ndugu zake wa karibu wanamtambuaje? Miaka mitatu wanakanyaga sakafu moja, na kila swali lilimkuta mikono mitupu. Kuuliza mumewe kungechukua muda, na doa lilikuwa linakwisha. Sehemu zisizolazimishwa akaziruka. Ile ya namna anavyozungumza ilikuwa ya lazima. Akaandika alichokikumbuka: maneno ya asubuhi, neno kwa neno. Akatuma.

Jibu likaja: amepatikana.

Alikuwa hajainuka kitini mumewe alipoingia, shati limelowa jasho.

"Nimepita stendi kumtafuta," alisema taratibu sana. "Nimeona picha yake kwenye skrini. Imeandikwa amepotea tangu saa moja na nusu. Saa moja na nusu alikuwa anakunywa chai mbele yangu."

"Nisikilize kwanza."

"Na aliyetoa taarifa ni wewe. Ulijuaje?" Akasogea mpaka mezani. "Umemfanya nini dada yangu, mchawi wewe?"

Simu yake ikalia hapo hapo. Nilikuwa mimi. Nilimpigia kumwambia dada yake amerudi, maana nilikuwa kibarazani na nilimwona kwa macho yangu akiingia getini. Mvua ilikuwa imenyesha na njia yetu ni tope tupu. Miguu yake mitupu haikuwa na hata tone la tope.

Walirudi wakakuta amekaa sebuleni. Mtoto, ambaye mwalimu alikuwa ameniachia, alimkimbilia akiita, "Mama!" Akafika hatua moja kutoka magotini pake. Akasimama. Akarudi kinyumenyume mpaka kwangu na kushika sketi yangu kwa mikono miwili.

Yule mwanamke alitazama mbele, juu ya kichwa cha mtoto.

"Dada," mwalimu alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Maskini kaka yangu! Alitafuta mke, akaoa mashine."

"Mtoto anakuita."

"Maskini kaka yangu! Alitafuta mke, akaoa mashine."

Sauti ile ile. Pumzi zile zile. Mwalimu akamshika bega, akafunua shingo kwa nyuma, mahali ambapo dada yake aliungua kwa uji akiwa mtoto. Ngozi ilikuwa laini. Hapakuwa na kovu. Hapakuwa na hata kinyweleo.

Akamgeukia mkewe. "Huyu ni nani umeniletea?"

Fundi alilia mbele yetu sote bila kujificha uso. Alikuwa ameelewa kabla yetu. Kilichorudi ni kile alichokiandika, na alichokijua yeye kuhusu yule mwanamke ni chuki tu. Mambo mengine yote, yale ambayo mtoto aliyaita mama, yalibaki kwenye sehemu alizoziruka. Usiku huo mwalimu alilala kwenye kiti na panga chini yake, mlango wa mtoto akiwa ameufunga kwa ufunguo.

Siku ya tatu yule mwanamke hakuwepo. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo kwa ndani. Mwalimu alisema tu, "Afadhali," kisha akamwambia mkewe akafungashe vyake.

Mchana huo huo Miwani akaja hadi nyumbani, hajawahi kufika kabla. Hakutaka kuingia. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Imejitokeza leo kwenye hifadhi," akanong'ona. "Nimeita mara moja tu, nikachapa, na kwenye skrini haimo. Msiiulize tena."

Picha ilikuwa ya wifi. Safari hii uso wake ulitazama mbele. Gauni la njano lilikuwa limechanika, miguu ina tope hadi magotini. Kila sehemu ya fomu ilikuwa imejazwa. Kovu la uji, nyuma ya shingo. Anaogopa: kufukuzwa. Ndugu wa karibu: binti mmoja. Mwishoni, kwenye maelezo mengine, kulikuwa na mistari miwili: Mwanangu akishtuka usingizini, msugue kisigino cha kushoto mpaka atulie. Hakuna anayejua ila mimi, mwambieni anti yake, mke wa kaka yangu.

Aliyetoa taarifa: mwenyewe.

Ndani, mtoto alishtuka kutoka usingizi wa mchana, akaanza kupiga mayowe kama alivyopiga siku zote tatu bila kunyamazishika. Mwalimu alikuwa tayari ameshindwa. Fundi akampita mlangoni, akapiga magoti kitandani, akashika kisigino cha kushoto, akasugua. Mayowe yakapungua. Yakawa kwikwi. Mtoto akalala.

Nilikuwa nimebaki na karatasi mkononi. Kulikuwa na sehemu moja ambayo hatukuwa tumeisoma, ile ya mahali alipoonekana mara ya mwisho. Iliandikwa: ukingoni mwa kitanda cha mwanangu.

Fundi hajafungasha mpaka leo, wala mumewe hajamwambia tena. Godoro lile lina bonde ukingoni, upana wa mtu mzima aliyekaa. Wamelianika juani, wamelipiga, wameligeuza. Mimi mwenyewe nimetia mkono humo, na kuna joto.