Matangi Mawili kwa Miguu ya Kediesha

Dada yangu alimuuza mwanawe kwa friji!

Ndivyo nilivyopayuka mlangoni kwake, Jumamosi asubuhi, na kijiji kizima cha Airy Ridge kikasikia. Sikujali. Na ninyi mnaosoma hapa msinihukumu kabla sijamaliza.

Nilikuwa natoka shambani, viazi vikuu begani, nikaona gari la mizigo limesimama mbele ya nyumba ya dada yangu Verona. Wanaume wawili wanashusha friji. Mpya! Milango miwili, bado imevikwa nailoni, imesimama uani kama mgeni wa serikali.

Nikatazama fulana zao. Kifuani kuna nembo.

Nembo ya Saint Aldhelm... ile shule kubwa ya Kingston.

Nikaviangusha viazi chini, wallahi.

"Verona!"

"Nini tena, Lascelles? Mbona unalia kama umeibiwa?"

"Nimeibiwa! Friji hiyo imetoka wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Watu."

"Watu gani wanagawa friji Jumamosi asubuhi?"

"Wewe ulipewa mdomo bure, mbona hatukuuliza umetoka wapi?"

Wale wanaume wakacheka. Ndipo nikapayuka lile neno la kumuuza mtoto.

Mtoto mwenyewe, mpwa wangu Kediesha, miaka kumi na tano, alikuwa mezani anakula dampling, yale madonge yetu ya unga, na samaki wa chumvi. Hakuinua hata kichwa. Anatafuna polepole, kama anayesikiliza mvua.

Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtoto anayeuzwa hatafuni kwa amani namna ile!

Sasa niwaeleze kwa nini friji ilinipandisha presha.

Kwetu Jamaika mbio za shule ni dini. Mwezi wa tatu shule zote zinakutana Kingston, na nchi inasimama. Shule kubwa hazina subira ya kulea mkimbiaji wao. Zinatuma watu vijijini kutafuta miguu iliyokwisha kuiva.

Mwaka huu Kediesha alishinda mita mia nne za wilaya, akikimbia na raba za kuazima zilizojazwa karatasi vidoleni. Aliyeshika nafasi ya pili alionekana kama yuko kwenye mbio nyingine kabisa.

Na utaratibu naujua. Kwanza inakuja friji kwa mama. Halafu kitanda. Halafu siku moja mtoto anaamka na sare ya shule nyingine, na ukiuliza unaambiwa amepata "ufadhili".

Mimi nina kumbukumbu ndefu, na hilo ndilo linalowakera watu. Wengine hapa wanasahau ahadi ya mbunge kabla vumbi la gari lake halijatua. Mimi sisahau.

Simsahau Garnet. Tulikaa dawati moja. Saint Aldhelm walimchukua akiwa na miaka kumi na minne, wakampiga picha, wakampa medali. Mwaka wa pili nyama za paja zikachanika. Wakamrudisha kwa basi, viatu vyake vya miiba vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amekimbia miaka miwili katika shule yenye jina kubwa kisiwani, na hakuna mtu aliyejisumbua kumfundisha kusoma.

Mama yake alibaki na kitanda.

Mimi shule niliiacha mapema, nikajifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia mkate. Wananiita Wakili wa Vichakani. Waniite. Lakini Jumatatu wakili huyo alikuwa getini shuleni kabla hata ya sala ya asubuhi.

Na nikakuta kingine!

Nyuma ya madarasa, juu ya jukwaa jipya la zege, yamesimama matangi mawili ya maji. Meusi. Makubwa kama nyumba ya mtu.

Mjue kwamba shule yetu haikuwa na maji tangu kimbunga kilipong'oa mabomba. Serikali ilikuja, ikapima, ikaondoka. Mchana watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu vyoo havitazamiki. Huyu huyu Kediesha ndiye aliyeanzisha mradi wa chupa: mtoto anayekaa karibu na chemchemi anabeba chupa mbili, moja yake, moja ya mwenzake wa kule juu kusikokuwa na maji. Shule nzima ikamfuata. Kila asubuhi unaona mstari wa watoto mlimani wamebeba chupa kama mchwa na mayai yao.

Sasa matangi. Ghafla!

Nikamfuata mwalimu mkuu, Mwalimu Plummer. Mama mmoja mnyoofu, au ndivyo nilivyodhani.

"Mwalimu, shikamoo. Matangi haya yametoka wapi?"

"Marahaba, Lascelles. Ni msaada. Wahitimu wa zamani wa Saint Aldhelm wana mradi wa hisani kwa shule za vijijini."

"Vizuri sana. Wilaya hii ina shule za vijijini ngapi?"

"Nyingi."

"Ngapi zimepata matangi?"

Akavua miwani, akaanza kuifuta. Miwani ilikuwa safi.

"Moja."

"Na ngapi zina msichana aliyeshinda mita mia nne?"

"Lascelles, nina kipindi."

Akaondoka! Mwalimu mkuu hana kipindi Jumatatu asubuhi, jamani. Nani asiyejua?

Nikaenda dukani wanakocheza domino. Nilipoingia tu, kelele zikakatika. Unajua kule kucheza domino kwa kubamiza meza? Wote wakaanza kuweka vipande taratibu, kama wanalaza mtoto.

"Kuna kitu mnakijua," nikasema.

"Tunajua si zamu yako kucheza," akajibu Bunny, mwenye duka.

"Bunny, ni mtoto wa dada yangu!"

"Na Ijumaa kuna sherehe ya kukabidhi matangi. Vaa shati, uje ule keki kama binadamu wengine."

Wote wameshajua. Kijiji kizima kimelambishwa asali, nimebaki mimi!

Jioni ile nilimvizia Kediesha akitoka mazoezini. Nikamwuliza ana kwa ana.

"Unakwenda Saint Aldhelm?"

"Anko, nimechoka."

"Jibu swali. Wamekuahidi nini?"

"Mimi? Hawajaniahidi kitu."

"Wewe umewaahidi nini?"

Akanitazama kidogo. Ana macho ya marehemu mama yetu, huwezi kujua yanafikiri nini.

"Anko, Ijumaa njoo. Ila nakuomba, kaa nyuma. Usiseme kitu. Bwana Haughton anakuja na watu wa televisheni, na Mama anaogopa utamtia aibu."

"Haughton ndiye nani?"

"Mwenyekiti wa wahitimu. Ndiye aliyeleta friji."

Televisheni!

Sikulala vizuri siku zote zilizobaki. Nilikuwa napanga maneno.

Ijumaa ikafika. Viti chini ya turubai, keki mezani, watoto wamepangwa kwa sare zilizopigwa pasi. Mchungaji akaomba. Kwaya ikaimba. Mbele kakaa Bwana Haughton, suti ya bluu, viatu vinang'aa kuliko mustakabali wetu. Mapajani ameweka jezi iliyokunjwa. Rangi za Saint Aldhelm. Nikaiona! Jezi ya saizi ya msichana.

Pembeni yake dada yangu Verona, kavaa kofia ya kanisani, anatabasamu kama bibi harusi.

Haughton akashika maiki.

"Sisi Saint Aldhelm tunaamini katika kurudisha fadhila kwa jamii. Tumeguswa na shida ya watoto hawa. Na leo, baada ya kukabidhi matangi, binti yetu Kediesha atakuwa na tangazo la furaha..."

Binti YETU?

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu kiti kimeanguka.

"Muongo!"

Watu wote wakageuka.

"Unanunua mtoto kwa matangi! Mbele ya mchungaji! Sema hapa, Haughton, kama Kediesha asingekuwa na miguu, ungepafahamu Airy Ridge?"

"Lascelles, kaa!" Verona akapiga ukelele.

"Sikai! Na friji je? Nayo ni ya jamii? Garnet mlimleta hapa na mfuko wa plastiki! Nani kati yenu anamkumbuka Garnet?"

Walimu wawili wakanishika mikono. Lakini kamera, ndugu zangu... kamera ilikuwa imeshanigeukia. Kisha ikamgeukia Haughton, kumsikiliza atajibu nini.

Akatoa kitambaa, akafuta paji la uso. Akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango.

"Ndugu yangu mpendwa... naelewa uchungu wako. Lakini hii ni hisani. Hisani tupu! Hatununui mtu. Matangi haya hayana sharti lolote. Friji ni zawadi ya kumpongeza mama. Hatudai chochote, wala hatumdai mtoto yeyote."

"Apa!" nikamwambia.

"Naapa mbele ya nchi nzima!"

Makofi. Nikajua nimeshindwa. Watu wa aina hiyo kuapa kwao ni kama kupiga chafya.

Ndipo Kediesha akainuka.

Akatembea hadi kwenye maiki, taratibu, mikono nyuma. Haughton akamkunjulia jezi. Hakuipokea.

"Samahani, Bwana Haughton. Watoto wa nyuma hawakusikia vizuri. Umesema matangi hayana masharti?"

"Hayana, mwanangu. Sasa..."

"Na sisi hatuna deni kwenu?"

"Hakuna deni. Lakini..."

"Asante sana. Tunashukuru kwa moyo wote." Akageuka. "Mwalimu Plummer, tunaweza kufungua bomba?"

Mwalimu Plummer, yule aliyenikimbia kwa uongo wa kipindi, alikuwa ameshafika bombani. Akalifungua. Maji yakaruka! Watoto wakavunja mistari, wakakimbilia pale na sare zao, wanapiga mayowe, wanarushiana, mchungaji mwenyewe akalowa suruali.

Kediesha akasubiri kelele zipungue. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kusikiliza mvua:

"Tangazo langu ni hili. Mwezi wa tatu nitakimbia Kingston. Kwa jezi ya Airy Ridge. Hapa ndipo ninaposoma na hapa ndipo nitakapomaliza."

Jamani!

Uso wa Haughton ungeuona... ulikuwa kama wa mtu aliyeketi mahali palipoondolewa kiti. Angesema nini? Alikuwa ameapa mbele ya nchi nzima, jasho lake halijakauka. Akapiga makofi. Ilibidi apige! Kamera ilikuwa inamtazama.

Mimi kifua mbele. Jioni nikaingia kwa dada yangu kama jemadari.

"Mmeona? Bila mimi huyu mtoto angekuwa ameshapakiwa garini!"

Verona akamtazama Kediesha. Kediesha akamtazama Verona. Wakaanza kucheka. Kucheka kwa kushika meza!

"Kuna nini?"

"Kaka," akasema Verona akifuta machozi, "unadhani nani alikuambia kutakuwa na televisheni?"

Nikamgeukia Kediesha.

"Na nani alikuomba ukae kimya? Tangu uzaliwe, umewahi kuombwa ukae kimya ukakaa?"

Damu ikanipanda. "Mlipanga?"

"Mimi, Mama na Mwalimu Plummer," akasema Kediesha. "Bwana Haughton alipokuja mara ya kwanza kunitaka kwa shule yake, Mama alimwambia tutafikiria na uamuzi nitautangaza mwenyewe, ila shule yetu haina maji. Mengine akayafanya mwenyewe."

"Mlimdanganya!"

"Hatukuahidi kitu, Anko. Tulisema tutafikiria. Tumefikiria."

"Na dukani je?"

"Waliambiwa tu wasikuambie lolote. Sababu hawakuijua."

"Mkanifanya mimi mjinga wenu!"

"Tulikufanya spika." Akanishika mkono. "Mtoto hawezi kusimama kumwuliza mtu mkubwa kama anamnunua. Wataniita sina adabu. Mama hawezi, ameshapokea friji. Mwalimu hawezi, atafukuzwa kazi. Ilibaki wewe. Na ungejua mapema ungeigiza, Anko. Wewe kuigiza hujui. Tulihitaji hasira yenyewe."

Nilikaa chini. Sikujua nicheke au nivunje kitu. Miaka yote nimewashuku watu wa mbali, na waliokuwa wananichezesha ni hawa ninaokula nao!

"Na wakija kuyachukua matangi?" nikauliza.

"Waje," akasema Verona. "Wayabebe yamejaa."

Hawakuja.

Mwezi wa tatu Kediesha alikimbia. Kijiji kizima kilikuwa kwenye redio ya Bunny. Alishika nafasi ya nne. Sitawadanganya, kulikuwa na kilio. Angekuwa na kocha wa Saint Aldhelm, pengine angekuwa na medali, na ukweli huo nimeumeza bila maji. Jumatatu yake alikuwa darasani anafanya hesabu, na mchana hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani.

Somo ni hili, wadau. Mkubwa akikuletea msaada na hotuba, usimnong'oneze shaka zako pembeni. Mpe maiki. Mwache aseme mwenyewe, mbele ya watu, kwamba hataki kitu. Halafu mshikilie hapo hapo.

Na msiwacheke wapiga kelele wenu. Siku moja mtawahitaji.

Mita mia nne mwaka huu zilichukuliwa na Saint Aldhelm. Msichana aliyeshinda si wa Kingston. Nimeulizia. Walimtoa shule moja ndogo huko wilaya ya Portland, na shule hiyo inajengewa maktaba. Wanazindua Alhamisi.

Sikualikwa.

Nimeshapanda basi.