Magamba ya Kaa kwenye Vanila ya Mama

Enzi za mama, nyumba yetu kisiwani Vava'u ilinukia vanila mwaka mzima. Alianika maganda juu ya mablanketi uani, nasi tulifukuza kuku. Nikizikumbuka siku zile moyo unaniuma.

Mama alipofariki, mashina yake ya vanila yalianza kufa. Mizizi ikawa ya kahawia, ikaoza. Yakabaki saba tu. Baba aliyatunza kama watoto.

Siku moja akaja shangazi Lupe, dada yake baba. Kwetu neno la shangazi halipingwi. Aliamuru tuifukie mizizi kwa matuta marefu, kama ya viazi vikuu. Baba alijua si sawa, lakini alishika jembe. Baada ya wiki tatu shina moja likafa.

Ndipo nikamwita Kalolaine, bibi shamba. Alichimbua kidogo, akakunja uso. Alisema ni kuvu wa udongoni. Kisha akauliza magamba ya kaa huwa tunayatupa wapi.

"Baharini," shangazi alijibu. "Ulitaka tuyale?"

"Wapeni vijidudu wa udongoni, mama. Wao hutoa vimeng'enya, vitu vinavyoyeyusha gamba. Na ngozi ya kuvu ina kitu kilekile kilichomo kwenye gamba la kaa. Wakizoea kula gamba, watakula na kuvu."

"Na haya matuta?" shangazi aliuliza.

Kalolaine alimtazama baba. Baba akatazama miguu yake.

"Niliyeamuru ni mimi," shangazi alisema. "Sema tu, mwanangu."

"Yanainyima mizizi hewa, mama. Yanaua."

Shangazi akapiga magoti, mtu mzima yule, akaanza kufukua kwa mikono. Nililia.

Tuliosha magamba, tukayakausha, tukayatwanga. Tukayachanganya na mboji, ikakaa miezi miwili. Kisha tukaitandaza juujuu tu, pamoja na makumbi ya nazi. Mashina yaliyokufa tuliyachoma. Kalolaine alituonya kwamba mzizi uliooza haufufuki. Mboji hii huilinda tu mizizi iliyo mizima. Na kweli, shina jingine lilikufa. Matano yakashika.

Mwaka wa pili yalichanua. Tuliyachavusha maua kwa kijiti, moja moja, kama mama alivyotufundisha. Maganda yalipokauka, baba alimpelekea shangazi kitita cha kwanza, maana kwetu mavuno ya kwanza ni haki ya shangazi. Shangazi alikinusa kwa muda mrefu, kisha akakirudisha.

"Hiki ni cha mke wako," alisema. "Nilimuulia shina lake. Twendeni makaburini."