Vumbi la Pangoni

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walikwenda nyuma ya shule kumwagilia matuta yao ya mchicha. Kila mmoja alikuwa na tuta lake, na mwenye tuta bora mwisho wa muhula angepewa jembe jipya mbele ya wazazi wote. Kwandu, binti Mashimba, alimwagilia la kwake huku macho yakiwa kwenye tuta la jirani. Mchicha wa Bonifasia ulikuwa umenawiri, majani mapana kama viganja. Wa Kwandu ulikuwa wa njano na umedumaa, utadhani umekatazwa kukua.

"Wewe si mtoto wa wafugaji?" Bonifasia alimtania. "Ng'ombe wote wale, halafu tuta linalia njaa?"

"Subiri uone. Jumatatu naleta mbolea ya zizini, magunia mawili," Kwandu akajibu, kidevu juu.

Hapo alikuwa amejipalia makaa mwenyewe. Familia yake ilihamia Nyamigogo kutoka Shinyanga kabla hajazaliwa, na kijiji kizima kilijua kwamba kwa Mashimba mbolea haikosekani. Lakini tangu mvua zikatike, ng'ombe walikuwa wamepelekwa malisho ya mbali, na zizi lilikuwa limefagiliwa likabaki tupu. Angewaambia nini wenzake Jumatatu?

Siku hiyohiyo Mwalimu Audax alifundisha sayansi, na somo lenyewe likamvuruga Kwandu kichwa kabisa.

"Kuvu si mmea wala si mnyama," alisema mwalimu, mtu wa Rulenge mwenye sauti ya upole. "Uyoga ni kuvu. Hamira ya maandazi ni kuvu. Ukungu kwenye ugali uliolala ni kuvu. Na mapunye ya kichwani kwa Idefonsi, nayo ni kuvu."

Darasa liliangua kicheko, Idefonsi akajifunika kichwa kwa daftari. Kwandu hakucheka. Inawezekanaje kitu cha ukoo mmoja kiumue andazi, halafu kimnyonyoe mtu nywele? Aliandika yote aliyoambiwa na hakuelewa hata moja.

Jumamosi akapata wazo. Kwenye kilima cha mawe, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, kulikuwa na pango la popo, na sakafuni mwake kinyesi kilikuwa kimerundikana miaka na miaka. Baba alikuwa ameshawakataza kufika huko kwa sababu ya nyoka na mawe yanayoporomoka. Kwandu alibeba ungo na magunia mawili, akamchukua na mdogo wake Malongo, mwenye miaka minane, ambaye alimfuata dada yake popote bila kuuliza.

Malongo ndiye aliyeshika tochi. Alipomulika ukutani, waliona mdudu aliyekufa, amefunikwa nyuzi nyeupe laini kama pamba. Juu ya kijiti kilichosombwa na maji ya mvua viliota viuyoga vyembamba, vichwa vyao vidogo kuliko punje ya mtama. Penye unyevu kinyesi kilikuwa na ukungu wa njano, na kwenye mwamba kulikuwa na madoa meusi, mengine makavu, mengine yakiteleza.

"Dada, hivi vyote ndivyo alivyosema mwalimu wenu?"

"Sijui. Wewe usiguse hivyo vyeupe tu."

Hatari aliiona kwenye kile kilichoonekana. Kinyesi kikavu hakikumtia shaka hata kidogo. Kwao samadi haikuwa uchafu: mama yake aliisiriba sakafuni, na Kwandu mwenyewe aliipepeta kwa ungo tangu utotoni na kuitia bustanini kwa mikono mitupu. Basi na hii ya popo akaipepeta vilevile. Harufu ilipomzidi, alijifunga mtandio puani. Malongo aliendelea kushika mdomo wa gunia, kichwa ndani ya vumbi, akipiga chafya na kucheka.

"Usimwambie mtu," Kwandu alimwonya njiani. "Hata mayu usimwambie." Mayu ndivyo walivyomwita mama yao.

Malongo alilamba kidole, akakielekeza juu, akaapa.

Jumatatu Mwalimu Audax, akidhani ni ya zizini, aliisifu mbolea ile mbele ya darasa. Gunia moja liliingia kwenye tuta la Kwandu. La pili likawekwa stoo, ligawiwe kwa wote watakapopanda tena. Kwandu alitembea siku hiyo kama aliyekwisha kupewa jembe.

Wiki iliyofuata Malongo aliamka na homa. Kikaja kikohozi kikavu, kisha maumivu ya kifua, na jioni alikuwa hawezi kufika zizini bila kupumzika. Zahanati walimpima malaria, hakuwa nayo. Wakampa dawa ya kifua, haikusaidia. Jirani alisema ni nimonia. Mjomba Shilinde alisema mtoto amerogwa, atafutwe mtaalamu. Mama yake, Ernesta, alipiga magoti akaomba. Kila mtu alikuwa na lake, na hakuna aliyejua.

Kwandu alichanganyikiwa kuliko wote. Pango lilimjia akilini kila Malongo alipokohoa. Lakini hakugusa vile vyeupe, alijiambia. Na tulikuwa wote, mbona mimi sikohoi? Basi si pango. Alitulia kidogo, kisha kikohozi kikasikika tena chumba cha pili, na wasiwasi wote ukarudi. Mara mbili alifungua mdomo mbele ya baba yake, na mara mbili akaomba ruhusa ya kwenda kuchota maji.

Siku ya kumi na moja ya homa baba alimpeleka Malongo hospitali kwa pikipiki, Kwandu akimshikilia kwa nyuma. Daktari Priscila alimpima upya. Malaria hakuna. Kifua kikuu hakikuonekana. Picha ya mapafu ilionyesha madoadoa kila mahali, na daktari akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Malongo," aliuliza mwishowe, "wiki za karibuni umeingia mahali penye vumbi? Ghala la zamani, banda la kuku, pango?"

Malongo alimtazama dada yake. Midomo yake ilikuwa imekauka na macho yameingia ndani.

"Sijaenda popote," akasema. Akakohoa mpaka akajikunja, kisha akalamba kidole, akajaribu kukiinua. Mkono haukufika mbali.

Kwandu aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. "Anadanganya kwa ajili yangu!" alilia. "Nilimpeleka pango la popo, tukapepeta kinyesi. Mimi ndiye niliyemwapisha!"

Baba yake alisimama, kisha akaketi tena taratibu. Daktari hakugomba. Alivuta kiti karibu, akauliza lini, kwa muda gani, na nani alikuwa karibu na vumbi, akaandika kila jibu.

"Lakini daktari, hakugusa vile vyeupe," Kwandu alisema kwa kwikwi.

"Vile vyeupe huenda visingemfanya kitu. Pangoni mna kuvu za aina nyingi, binti yangu, nyingine hata wataalamu hawajazipa majina. Nyingi kazi yake ni kuozesha tu: wadudu waliokufa, vijiti, kinyesi. Lakini iko moja inayostawi kwenye kinyesi cha popo, na chembe zake jicho halizioni. Ukipepeta zinaruka na vumbi, mtu anazivuta mpaka mapafuni."

"Samadi ya ng'ombe mbona haituumizi?"

"Hiyo ni samadi nyingine. Ya popo usiifananishe nayo."

"Na mimi mbona ni mzima?"

"Labda ule mtandio uliosema ulijifunga puani ulikusaidia kidogo, ingawa si kinga ya kutegemea. Na miili haifanani. Jibu kamili hata mimi sina."

Ilimshangaza Kwandu kusikia daktari akisema hana jibu. Kisha akakumbuka jambo, akashtuka. "Gunia la pili liko stoo ya shule!"

Baba alimpigia Mwalimu Audax simu palepale. Kesho yake afisa afya alifika, gunia likaloweshwa maji na kufukiwa mbali, na tuta la Kwandu likafunikwa udongo mzito, pamoja na mchicha uliokuwa ndiyo kwanza umeanza kunawiri. Jembe lilikwenda kwa Bonifasia.

Makohozi na damu ya Malongo vilipelekwa maabara Mwanza, na jibu likaja kama daktari alivyodhani. Alikuwa ameshamwanzishia dawa ya kuua kuvu. Wiki ya kwanza hali haikubadilika sana. Ya tatu Malongo aliomba maziwa, akamaliza kikombe, akaomba kingine.

Siku waliyorudi nyumbani, Mashimba alimwita binti yake uani. Kwandu alipiga magoti, akisubiri fimbo.

"Pangoni nilikukataza ukaenda," baba alisema. "Hilo adhabu yake ipo, utalisafisha zizi peke yako ng'ombe wakirudi. Vumbi hukulijua, wala mimi sikulijua. Ningekuwa mimi, ningelipepeta vilevile. Lakini mdogo wako alipoanza kukohoa, sisi sote tulikuwa tunatafuta neno moja. Zahanati walilitafuta. Mama yako alilitafuta kwenye magoti yake. Nalo lilikuwa kinywani mwako."

"Niliogopa, baba."

"Najua. Ogopa, lakini sema. Mtoto akikosa akasema, nitagomba, yataisha. Akinyamaza, mimi baba yake sina la kumsaidia." Akamshika mkono, akamwinua. "Na usimwapishe mdogo wako tena. Mtoto yule alikuwa tayari kufa nayo, siri yako."