Mkasi Usiokwama

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Kobe aliingia chumba cha mbele ambamo mama yake alishonea watu nguo. Alifagia vipande vya kitambaa chini ya meza ya kukatia, kisha akaokota pini kwa sumaku. Wenzake shuleni ndio waliompachika jina hilo la Kobe kwa sababu ya mwendo wake wa pole, na kwa kuwa hakukasirika, jina likamganda.

Wiki hiyo mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewapa wanafunzi neno moja la kuchunguza, nalo ni "swift".

"Msinikaririe kamusi," aliwaambia. "Hata gari bovu likiteremka mlima lina kasi, lakini hilo ni 'fast' tu. Nataka kasi laini, isiyokwama wala kukwaruza. Hata jibu huwa 'swift' likitoka upesi bila kusitasita. Kila mmoja aniletee kitu alichokiona kwa macho yake. Mwenye mfano bora atasimama mbele ya wazazi siku yao ya kutembelea shule."

Kobe alitamani nafasi hiyo mpaka akakosa hamu ya chakula. Tangu aanze shule alikuwa hajawahi kuchaguliwa kwa lolote, isipokuwa labda kufuta ubao. Basi alasiri moja, ameinama na ufagio wake, akasikia mkasi ukipita juu ya meza: shiiii. Akainua kichwa. Mama hakuwa akiufungua na kuufunga. Aliuacha mdomo wazi kidogo, akausukuma, na kitambaa kikaachana chenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kobe akajua amepata.

Asubuhi, njiani, alikutana na Chiriku, jirani yake na mwenzake wa dawati moja, msichana ambaye ulimi wake haukujua likizo.

"Mwenzako bado nahangaika," Chiriku alisema. "Hebu niambie chako. Si tuko wawili tu?"

Kobe akamwambia yote. Hakuona sababu ya kumficha rafiki yake wa tangu utotoni.

Kipindi kilipoanza, mwalimu hajamaliza hata kuuliza, Chiriku alikuwa amekwisha kusimama. "Mimi nimeona mkasi wa fundi cherehani, mwalimu. Unakata kitambaa bila kukwama. Huo ndio 'swift'."

Mwalimu alifurahi, darasa likapiga makofi. Kobe aliumia kama mtu aliyepigwa na mkono anaoujua. Mfano kuibwa ni jambo moja, lakini Chiriku aliketi tena palepale, bega kwa bega naye, bila hata kumtazama usoni. Zamu ya Kobe ilipofika, alisimama.

"Sina, mwalimu."

"Kobe bado yuko njiani," mtu akasema nyuma, na darasa zima likacheka.

Nyumbani, mama alimsikiliza mpaka mwisho, cherehani ikiwa imesimama.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Lakini ukinyamaza, unakikaribisha. Kamwambie mwalimu."

"Watasema nina wivu, mama."

"Waseme. Wewe useme kweli."

Kesho yake Kobe alifika mpaka mlango wa ofisi ya walimu, akageuka bila kubisha hodi, akarudi darasani. Huko mwalimu alikuwa ameleta mkasi na shuka kuukuu ili Chiriku, aliyekuwa amechaguliwa kwa siku ya wazazi, afanye mazoezi.

Chiriku akaanza kukata. Kacha, kacha, kacha. Kitambaa kikajikunja, ukingo ukatoka na meno.

"Huo mkasi unatafuna," mwalimu alisema, na watoto wakacheka. "Fundi uliyemwona aliushikaje?"

Chiriku akamgeukia Kobe, macho yakimwomba msaada. Kobe aliyaona macho hayo, akatazama dirishani.

"Sikumwona, mwalimu," Chiriku alisema hatimaye. "Aliyeona ni Kobe. Aliniambia, nikamwahi."

Mwalimu alimwita Kobe mbele. Kobe akaushika mkasi, akauacha mdomo wazi kidogo, akausukuma. Shuka likaachana moja kwa moja mpaka mwisho, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Siku ya wazazi utasimama wewe," mwalimu alisema.

Kengele ya mapumziko ilipolia, Chiriku alimwendea Kobe akilia. "Nisamehe, mwenzangu. Turudi tu kama zamani."

"Ungeniomba, ningekusaidia kutafuta chako," Kobe alisema. Alikuwa ameshinda, lakini hakuwa na furaha aliyoitarajia. Alichukua mkoba wake, akahamia dawati la mbele.

Chiriku alimtazama mwalimu, akitumaini atamrudisha Kobe.

"Usimharakishe," mwalimu alimwambia kwa upole. "Umekiri, na hilo ni jema. Lakini kuaminiwa ni kitu unachoweza kukipoteza kwa neno moja, na kukipata tena huchukua muda mrefu. Hapo hakuna njia ya mkato. Itabidi uende mwendo wa Kobe."

Chiriku akafuta machozi, akaketi peke yake.