Dakika Sita za Kujaribu Nyayo Mpya

TANGAZO RASMI KWA UMMA!

Mimi, Ruweida Badawy wa Kaloleni, Voi, mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano, nimenyang'anywa miguu yote miwili mchana kweupe!

Sawa. Ni nyayo tu.

Sawa, ni za bandia. Na hazikuwa zangu bado...

Tulieni niwaeleze.

Lori lilinikata miguu chini ya magoti nikiwa kidato cha kwanza. Tangu hapo natembelea nyayo ngumu kama mbao. Kutoka bwenini hadi bwaloni ni kilima, na nikifika, ugali umeisha!

Sasa kliniki ikaletewa nyayo mpya, nyepesi, zinazokudundisha mbele. Jozi MOJA. Wagonjwa wawili: mimi na Mzee Obadiah, mkulima wa Mraru aliyepoteza miguu kwa kisukari.

Fundi wetu, Madam Everlyne, akasema, "Kila mmoja atazitembelea dakika sita, na barakoa ya kupima pumzi, kama mlivyopimwa na zile za zamani. Zitakayempunguzia uchovu zaidi, ni zake."

Kwenye orodha, Mzee alikuwa wa kwanza.

Shetani akanipitia. Karakana ya mjomba Fawaz ina vile vyuma bapa vya kubalansi magurudumu; siku ya kipimo nikaja navyo mfukoni. Madam alipoenda kunywa chai, nikavibandika ndani ya viatu vya zile nyayo, chini ya soli ya ndani. Mzee hana vidole vya kuvihisi! Akimaliza, navitoa.

Mpango safi, sivyo?

"Mzee Obadiah!" Madam akaita.

Mzee akanitazama, akatabasamu.

"Mtangulize huyu mtoto, Madam. Leo anarudi shule."

Nikadakia haraka.

"Hapana, mzee! Wewe ni mkubwa!"

"Nenda, mwanangu. Shamba langu halinikimbii."

Kufumba na kufumbua, Madam amekaza skrubu, barakoa iko usoni.

"Hakuna kuzungumza. Utaharibu kipimo."

Jamani! Dakika ya kwanza nilikuwa navuta magunia mawili ya mahindi. Ya tatu, jasho likanijaa machoni. Kusema siwezi. Kusimama siwezi, nitafeli. Kuvua viatu mbele ya watu? Thubutu!

Na Mzee anapiga makofi.

"Kaza, mwanangu! Hapo hapo! Hebu oneni anavyojitahidi!"

Laiti angenitukana...

Dakika sita zilipoisha, nikaanguka kitini. Madam akazifungua nyayo, akasoma mashine.

"Pole, Ruweida. Umechoka kuliko ulipovaa zile za zamani."

Akakunja uso.

"Lakini haiwezekani. Hizi ni nyepesi."

Akainua kiatu kimoja, akakipima mkononi. Mimi nimekaa, sina nyayo za zamani wala mpya, siwezi kumpokonya. Akaingiza vidole ndani...

Ting'!

Chuma sakafuni. Cha pili. Cha tatu...

"Hivi si vya magurudumu?"

"Ni utani tu, Madam! Wa shuleni!"

"Utani kwa nani? Wa kwanza kwenye orodha alikuwa nani?"

Mzee aliangalia ile orodha ukutani.

Madam alikataa kunipima tena. Ripoti inaondoka leo, akasema, na mwili uliochoka haupimiki. Mzee akatembea bila vyuma. Alizunguka ukumbi mara mbili, mara nne, akicheka peke yake kama mtoto. Pumzi haikumkatika.

Zikawa zake.

Alikuja kwa wepesi hata sikumsikia, akaketi kando yangu.

"Mwanangu, ulitaka mimi ndiye nichoke?"

Bila hasira. Hapo ndipo nilipoumia.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na mimi kwa uongo sijambo. Ukagoma kutoka.

"Ndiyo, mzee. Haikuwa utani. Niliogopa utanishinda."

Akainama, akaniokotea nyayo zangu za zamani, akaniwekea mapajani.

Funzo, na hili silisemi kwa mzaha: kabla hujamwekea mtu uzito, mtazame kwanza usoni. Huenda yuko tayari kukupisha.